Mstari wa Tatu

Mwizi wa ngamia huja na kamba. Huyu alikuja na salaam aleikum. Aliuliza hali ya wazee, akauliza kama mvua imefika Garbatulla, akaiombea mifugo, na Abiba Halake akamjibu neno kwa neno kama mtu anayemjibu mjomba aliyepotea miaka mingi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi saa tatu asubuhi Abiba alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya duka lake pale Wabera, mjini Isiolo, duka la chaja, vifuniko vya simu na kazi ya fotokopi. Simu ilikuwa mbele yake juu ya kioo.

Ikatetemeka.

"Dada yangu Abiba," ikasema ile sauti, laini kama samli. Mwenyewe alijiita Abdinajib. "Umeamkaje? Mzee ameamkaje? Mimi bado nawashikia gari. Lakini kuna tajiri mmoja wa Nanyuki amenipigia mara tatu tangu alfajiri. Nimemwambia hapana, hii gari iko na wenyewe. Sasa usiniaibishe. Leo saa kumi. Ikifika saa kumi na dakika moja, mimi sina nguvu tena."

"Nimesikia, ndugu yangu."

"Mzee alisema halali mbele ya shahidi. Ama nilisikia vibaya?"

"Alisema."

"Basi."

Akakata. Abiba akaiangalia simu kama mtu anayeangalia nge aliyeacha kutembea ghafla. Pesa ilikuwa humo humo ndani, kwa sababu baba yake hakusoma na akaunti ya benki ilikuwa ya binti. Ilikuwa bei ya ngamia majike tisa, kundi lote alilobaki nalo mzee Halake Bule baada ya ukame kula wengine. Ngamia wale waliuzwa Jumanne katika soko la mifugo, wakapandishwa lori, wakaenda zao. Kilichobaki kati ya mzee na gari la baba yake kilikuwa kidole cha Abiba. Na kilichobaki kati ya mzee na kuomba chai kwa majirani kilikuwa kidole hicho hicho.

Gari lenyewe lazima lielezwe, maana bila hivyo mtu atasema huyu mzee ni mjinga, na mzee Halake hakuwa mjinga.

Babu yake Abiba, Bule Kuno, alinunua Landrova ya kijani wakati ambapo watu wengi wa upande ule walikuwa hawajawahi hata kuketi ndani ya gari. Ilibeba wagonjwa kutoka Garbatulla, ikabeba maji, ikabeba mabibi harusi. Siku alipoifikisha nyumbani, Bule aliitendea kama ngamia mpya: aliwasha moto, akapasha chuma, akaichoma alama ya kundi lake upande wa ndani wa mlango wa dereva. Rangi ikaungua, ikabaki nusu duara na mistari chini yake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bule akawaambia, "Mali isiyo na alama ni ya yeyote."

Kisha ukaja wakati ambao Waborana wa Isiolo wanauita Daba, wakati kila kitu kilisimama. Watu walifungiwa ndani ya senyenge, ngamia wakapigwa risasi mbele ya wenyewe, na wanaume wa buti wa serikali wakaja kuichukua Landrova. Walimwachia Bule kikaratasi: gari litarudishwa. Halake alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisimama kando akamwona baba yake akikipokea kikaratasi kile kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyepewa kitu. Bule alizeeka akikingoja. Mpaka leo kimekunjwa ndani ya kopo la majani chai chini ya kitanda cha Halake, na hakuna ofisi hata moja iliyowahi kuuliza kiko wapi.

Ndiyo sababu, miaka miwili iliyopita, Abiba alipoipata picha moja ya zamani, babu amesimama kando ya mlango uliofunguliwa, aliiweka mtandaoni katika kikundi cha watu wa Isiolo. Aliandika: *Yeyote aliyeiona gari hii.* Picha ilikuwa imefifia na alama ilionekana kama doa la chai. Kwa hivyo akaichora upya kwa kidole, juu ya picha, kwa mistari myeupe, ili atakayeiona aijue. Watu wakaweka mioyo, wakaandika pole, wakasahau.

Wiki tatu zilizopita mtu asiyemjua akamtumia ukurasa wa mnada wa magari ya kale. Landrova ya kijani. Picha ya mbele, ya nyuma, ya usukani. Picha ya mwisho: mlango wa dereva, upande wa ndani, na alama. Abiba alipiga kelele, mteja akaangusha chaja.

Walishindana katika mnada ule siku tano, mzee akisema bei na binti akibonyeza. Dakika ya mwisho mtu asiye na jina akawapita kwa kidogo tu. Mzee hakula siku nzima. Halafu Jumatatu ndiyo Abdinajib akapiga: aliyeshinda ametoroka, nyinyi ndio wa pili, gari ni lenu kwa bei yenu ya mwisho, lakini tumalizane sisi kwa sisi, huko kwa mnada wanakula kamisheni ya bure. Abiba aliweka simu kwenye spika. Dima, dalali wa ngamia na rafiki wa mzee tangu utotoni, alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe chake. Mzee Halake aliuliza swali moja tu.

"Iko na alama?"

"Iko na alama ya watu wenu, mzee wangu. Nimeishika kwa huu mkono."

Macho ya mzee yamefunikwa na ukungu mweupe, lakini siku hiyo yalimwaga maji kama ya kijana. Akamtaja Dima kwa jina awe shahidi, akasema, "Halali." Na katika soko la Isiolo, mikono ikishatoka chini ya shuka, ambako watu hubanana vidole kupatana bei, na neno hilo likishasemwa, anayerudi nyuma hasalimiwi tena na watu wa maana.

Saa nne Kirigia aliingia dukani. Alikuwa fundi wa magari, Mmeru wa Maua, mwenye gereji nyuma ya duka na mdomo usio na breki.

"Habari, Mama Kuno. Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

Akamwonyesha picha za Landrova. Hakutaka, lakini hakuweza kukaa na jambo hilo peke yake. Kirigia akavuta picha kwa kidole chenye grisi, akaguna.

"Namba ya chesisi iko wapi?"

"Alisema itakuja na gari."

"Itakuja na gari! Mama Kuno, hata mbuzi unafungua mdomo uone meno. Na logibuku?"

"Pia."

"Pia. Gari yenyewe iko wapi?"

"Godauni, Nairobi."

"Godauni gani? Nairobi iko na godauni kama vile Isiolo iko na vumbi." Akaketi juu ya kreti ya soda. "Na kwa nini mlitoka kwa mnada? Pale pesa inashikwa na mwenye mnada mpaka uone gari na macho. Huku nje inashikwa na nani?"

"Na yeye."

"Eh. Fisi awashikie nyama mkiongea bei." Alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. "Sikiza. Mimi nafungua hizi Landrova tangu nikiwa na nywele. Ya miaka hiyo, ikiwa nzima hivi, hiyo bei yenu ni ya mlango na usukani."

"Lakini alama, fundi. Alama ya babu iko. Mtu wa Nairobi atajulia wapi alama ya ngamia wetu?"

Kirigia akakuna shingo. "Hapo sijui. Hapo hata mimi ningeingia mzimamzima." Akafikiri. "Mwambie uko na mtu huko, anakuja kuishika tu. Dakika tano. Mwenye gari ya ukweli hawezi kataa."

Abiba akaandika. *Ndugu, nina binamu Nairobi, naomba aione gari kabla ya saa kumi.* Alama mbili za buluu zikatokea papo hapo. Halafu kimya. Kirigia akaitwa gereji. Kimya. Mteja akaja na kitambulisho cha kupigwa kopi, Abiba akakipiga kopi mara nne badala ya moja.

Kisha picha ikaingia.

Kwanza hakuelewa anaangalia nini. Ukuta wa buluu. Mlango. Bango la FOTOKOPI HAPA lililokatika kona. Na ndani, gizagiza, mwanamke mwenye mtandio wa manjano ameinamia kitu mkononi. Abiba akagusa kichwa chake. Mtandio wa manjano. Chini ya picha kulikuwa na maneno machache: *Hata mimi niko na watu wa kuangalia. Tuaminiane.*

Mwili wote ulipoa, kutoka unyayoni kwenda juu, kama mtu anayezama taratibu. Akainua macho. Ng'ambo ya barabara, kando ya kibanda cha miraa, mwendesha boda alikuwa amekaa juu ya pikipiki inayonguruma, amevaa helmeti nyeusi iliyofunika uso mzima. Nani katika Isiolo huvaa helmeti akiwa amesimama? Wengi hawavai hata wakikimbia. Kioo kile cheusi kilikuwa kimemgeukia yeye. Halafu pikipiki ikapiga kona na kuondoka polepole, bila haraka yoyote, na huko kutokuwa na haraka ndiko kulikomtisha kuliko vyote.

Alifunga duka. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, akipita vichochoro, na kila boda iliyomjia nyuma ilimfanya ajibandike ukutani. Nusu ya kichwa chake ilisema, usitume. Nusu nyingine ilisema, tuma haraka, tuma wakuache, tuma hata kama hakuna gari. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyokuwa na miguu.

Mzee Halake alikuwa uani. Alikuwa amefagia. Alikuwa amehamisha banda la kuku, ameng'oa visiki viwili kwa jembe, mtu wa miaka sabini na moja mwenye macho ya ukungu, na sasa kulikuwa na mahali pasafi, pa mstatili, kando ya ukuta. Alikuwa amemwagia maji ili vumbi litulie. Alikuwa amevaa kofia yake ya Idi.

"Intala," akasema, aliposikia hatua. Binti. "Umetuma?"

"Bado, Abo," akamjibu baba yake.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane."

"Unangoja nini? Unataka Dima aseme nini juu yangu?"

Abiba akafungua mdomo kumweleza habari ya boda na picha. Aliona yale maji juu ya udongo yakianza kukauka, akaona banda la kuku limeinamia upande wake mpya, na akaogopa kumvunja baba yake kuliko alivyoogopa ile helmeti. Akasema kitu kingine, kidogo, ili tu apate dakika.

"Abo, hii gari hatujaiona."

"Wewe umeiona kwa simu."

"Simu si macho."

"Alama iko ama haiko?" Sauti ya mzee ilipanda. "Watu wa karatasi walinidanganya mimi? Walimdanganya baba yangu, kwa sababu karatasi inaandikwa na yeyote. Alama haiandikwi na yeyote. Nieleze tena. Nieleze vizuri, mimi sioni."

Abiba akaifungua picha ya mlango. Akaegemeza simu juu ya goti. "Kuna nusu duara, imeangalia chini kama kwato."

"Ndio."

"Na chini yake mistari mitatu."

Kuku mmoja alipita kwenye mahali pasafi, akachora nyayo zake juu ya udongo mbichi.

"Mingapi?"

"Mitatu, Abo. Kama ya ngamia wetu."

"Hesabu."

"Moja. Mbili. Tatu."

Mzee Halake akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Alivua kofia, akaishika mapajani. "Intala," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini sana, "baba yangu alikuwa na miwili."

"Abo?"

"Mwaka wa ukame ule mkubwa, themanini na nne, baba amekufa, mimi na ndugu yangu Kuno tuligawana kundi. Mkigawana, mkubwa anabaki na alama, mdogo anaongeza mstari. Mimi ndio mdogo. Huo wa tatu niliuchoma mimi, na huu mkono. Hiyo gari ilichukuliwa miaka kumi na saba kabla." Akaigeuza kofia mapajani. "Wewe umezaliwa ukikuta mitatu."

Abiba alihisi nywele zikisimama chini ya mtandio. Kwa sababu sasa aliiona. Aliona kidole chake mwenyewe, miaka miwili iliyopita, juu ya picha iliyofifia, kikichora nusu duara, moja, mbili, tatu. Alichora alama anayoijua yeye. Babu hakuwahi kuwa na mstari wa tatu. Hakuna mlango wowote duniani uliokuwa nao. Ulikuwa kosa lake yeye, na mtu alilichukua kosa lile, akakaa nalo, akalipaka juu ya mlango fulani au juu ya picha tu, akalirudisha kwake pamoja na salaam aleikum. Hii ilikuwa mbaya kuliko wizi wa mkono mfukoni. Huyu alikuwa amesimama muda wote ndani ya msiba wao, akipima.

"Ni mimi, Abo," akasema. "Ni mimi niliyemfundisha."

Akamwambia yote: picha, kikundi, fundi, helmeti. Alidhani mzee atapiga kelele. Mzee alikuwa ameikunja kofia ngumini, na Abiba akatambua, kwa hofu mpya kabisa, kwamba baba yake alikuwa anaogopa pia.

"Labda," mzee akasema, "labda aliyeinunua aliongeza mstari. Labda..."

"Abo."

"Nawaza tu, intala. Acha mtu awaze."

Akakaa na wazo lake kidogo, kama mtu anayekaa na maiti kabla ya kuzika. Halafu akavaa kofia.

"Sokoni, mtu akija kudai ngamia aliyepotea, tunafanya nini?"

"Tunamwuliza alama kabla ya kumwonyesha."

"Na akiwa mjanja, anangoja umdokezee?"

Abiba alikuwa ameona jambo hilo akiwa mtoto, amepanda uzio wa boma. "Tunamdokezea uongo."

"Mdokezee."

Akaandika, akifuta na kurudia, kwa sababu herufi zilikuwa zinaruka: *Ndugu Abdinajib, pesa iko tayari. Ila mzee ana wasiwasi. Anasema gari la baba yake lilikuwa na mistari minne. Kwa picha naona mitatu. Kama si minne, basi si letu, samahani.*

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. *Mzee yuko sawa kabisa mashallah!! Wa nne uko chini, umefunikwa na vumbi. Ngoja nimtume mtu aupanguse apige picha.*

Wakangoja. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Nje pikipiki zilipita, na kila moja ilipopunguza mwendo karibu na geti Abiba aliacha kupumua, naye mzee aligeuza sikio. Maji yalikauka kabisa juu ya mahali pasafi. Saa tisa na dakika ishirini simu ikatetemeka.

Mlango ule ule wa kijani. Mwanga ule ule. Nusu duara ile ile. Chini yake moja, mbili, tatu, nne.

"Iko?" mzee akauliza.

"Iko, Abo. Minne."

Mzee Halake akacheka mara moja, sauti kavu kama mtu aliyekohoa mfupa, halafu akafunika uso kwa kofia ya Idi na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Abiba hakumgusa. Alimwacha azike.

Saa kumi kasoro robo Abdinajib akapiga. Mzee akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Mzee wangu! Umeona? Nilikuambia. Sasa mwambie binti abonyeze, dakika zinaisha."

"Nimeona," mzee akasema. "Ngamia wako anachipuza mistari kama mahindi."

"Mzee, ulisema halali. Mbele ya Dima. Wewe ni Mborana wa kurudia matapishi?"

Abiba alijua hapo ndipo kisu kilipolengwa, na akamwona baba yake akipigwa nacho.

"Neno nilitoa juu ya mali ya baba yangu," mzee akasema polepole. "Anayeuza mnyama kwa alama ya uongo, neno linamrudia yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya soko. Wewe hujawahi kusimama sokoni, kijana. Umesimama nyuma ya vioo tu."

Samli ikayeyuka yote kwa sauti ile. "Sawa. Duka ya buluu. Mtandio ya manjano. Nakujua unapofunga na unapofungua. Tutaonana."

"Mimi naitwa Halake Bule," mzee akasema. "Nyumba yangu ni ya tatu kutoka msikiti. Geti halina kufuli. Andika."

Akamrudishia Abiba simu. Alikuwa amelowa jasho mpaka shingoni. "Niliogopa hivi mara moja tu," akasema. "Siku ile ya kikaratasi. Na siku ile hakuna aliyewauliza wale alama. Wote tulikuwa tunaogopa, na hakuna aliyeuliza."

Adhana ya alasiri ikapigwa. Saa kumi ikapita. Simu ilitetemeka juu ya kigoda mara kumi na moja; waliacha iteteme.

Ijumaa asubuhi Abiba alitapika kabla ya kutoka nyumbani, halafu akaenda kufungua duka. Alifungua mashine ya kopi, akachapisha picha mbili kwa karatasi kubwa, mlango wa mistari mitatu na mlango wa mistari minne, bega kwa bega, na namba ya simu ya yule mtu. Chini aliandika kisa chote kwa kalamu nene: jinsi alivyowatoa kwenye mnada, jinsi alivyokataa gari lishikwe, jinsi alama ilivyokua kwa dakika ishirini na tano. Alitaka kuliacha jina la aliyedanganywa. Lakini mzee alikuwa amemwambia, akinywa chai: "Andika jina langu. Karatasi bila jina ni kama ile ya kwenye kopo." Akaliandika: HALAKE BULE. Alijua soko zima litacheka hadi Jumanne. Dima tayari alikuwa amecheka, kisha akasema atatafuta mitamba ya ngamia huko Garbatulla, si tisa, lakini watakunywa maziwa.

Alikuwa anabandika kona ya mwisho aliposikia injini ikinguruma nyuma yake, ikisimama, isizimwe.

Hakugeuka mara moja. Alibandika gundi, akapitisha kiganja juu yake mara mbili, tatu. Halafu akageuka, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwenye helmeti nyeusi, kwa sababu kama angesimama asingeweza kuanza tena.

"Fungua uso."

Akasogea mpaka akajiona ndani ya kioo cheusi.

"Nimesema fungua uso!"

Wauza miraa wakageuka. Kioo kikapanda. Ndani kulikuwa na uso alioujua: Ekuam, wa stendi ya pale kona, aliyembeba Kuno, mwana wa Abiba, hadi hospitali mwezi uliopita.

"Mathe, mimi sina noma na wewe," Ekuam akasema, macho chini. "Kuna msee alinipigia tu. Akasema ni ya bima, nipige picha ya duka. Leo tena amesema nicheki kama umefungua. Mia mbili mbili. Haki sikujua."

"Mia mbili."

"Haki."

Abiba alitaka kumpiga. Alitaka pia kulia, kwa sababu usiku kucha alikuwa amempa yule mwenye helmeti kisu na genge, kumbe alikuwa mtu wa kona, na bei yake ilikuwa sahani ya wali. Sivyo ilivyokuwa pia zamani? Wale wa buti nao walionyeshwa njia na mtu wa hapa hapa.

Wala hofu haikuisha. Yule wa sauti bado alikuwa mahali fulani, na bado alikuwa na namba yake. Lakini watu wa miraa walikuwa wamekwisha kuvuka, wanasoma mlango, mmoja anawasomea wengine kwa sauti. Kirigia alitoka gereji na spana mkononi.

"Toa simu yako," Abiba akamwambia Ekuam.

"Mathe, tafadhali..."

"Toa. Amekulipa picha, mpe picha." Akarudi akasimama kando ya karatasi, chini ya jina la baba yake, mtandio wa manjano kichwani, mbele ya watu wote. "Piga. Mistari yote ionekane. Halafu mtumie."

Ekuam akainua simu.